Mtoto wa Filamu ya Taa Hakupatikana

Jumanne moja asubuhi, nikiwa kazini na pasi mkononi, mtu nisiyemjua aliniandikia mtandaoni maneno matano.

“Dada, yule mtoto hakupatikana kamwe.”

Niliyasoma mara mbili. Mimi husoma kila kitu mara mbili, kwa sababu nilianza kujifunza kusoma nikiwa na miaka hamsini na tisa. Sasa nina sitini na mmoja.

Nilipomaliza mara ya pili nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Shati jeupe la mteja, mgongoni, umbo la pasi nzima.

Mtoto mwenyewe si wangu. Ni wa kwenye filamu. Na kwa miaka kumi na tisa nimemshukuru Mungu kila alfajiri kwamba alipatikana.

Najua inavyosikika. Subirini niwaeleze, mcheke baadaye.

Kaka yangu alikuwa na ukumbi wa video. Watu walimwita Spika, kwa sababu ya sauti yake. Alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akapunguza sauti ya filamu, akaieleza yote kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Akiwa mwanamke, unamwona mwanamke. Akibweka, mbwa wa jirani wanajibu.

Jioni alionyesha filamu za mapigano kama kumbi nyingine zote. Lakini saa tisa alasiri alionyesha za zamani, zile zisizo na rangi, kwa sababu alizipenda yeye.

Mimi nilikaa mlangoni nikichana tiketi. Waliniita Mama Mlango.

Kati yangu na filamu kulikuwa na pazia zito jeusi. Pazia halikufunguliwa ovyo, maana mwanga ungeingia na wapiga chabo wangejaa. Lakini juu ya kichwa changu kilining’inia kipaza sauti kikubwa cha kuwavuta wapita njia. Kwa hiyo nilisikia kila neno.

Miaka kumi na minne nilikaa pale. Nazijua filamu za zamani zaidi ya mia mbili.

Sijaona hata moja.

Na mimi nina mwana mmoja.

Ni fundi wa kuweka vigae. Akiwa na miaka ishirini na miwili aliondoka kwenda mji mwingine kutafuta kazi. Mwaka wa kwanza alituma barua nne, kwa anwani ya ukumbi. Spika alinisomea palepale mlangoni, watu wakishatoka. Mimi nilisema majibu, yeye akaandika.

Barua ya nne ilikuwa ya mwisho. Hakuandika tena.

Niliishika kwa kichwa. “Mama, niko salama. Kazi ni nyingi, tunalala tulipo. Usihangaike kuja huku, si mahali pa mama. Nikipata nafasi nitakuja mwenyewe.”

Hakuja.

Mwaka uleule Spika alionyesha filamu ya taa. Mama mmoja anamtafuta mwanawe kando ya mto, ana taa mkononi, anaita. Nilisikiliza nikiwa nimeshika tiketi ambazo sikuzichana. Watu waliingia bure siku hiyo.

Mwishoni Spika akasema, kwa ile sauti yake ya chini, “Na kulipokucha, akamkuta amelala kwenye majani. Akamfunika kwa kanga yake.”

Tangu siku hiyo sala yangu ikawa moja. Asante kwa yule mama aliyempata wake. Nami nipe wangu.

Haya, turudi kwenye kusoma.

Ukumbi ulikufa simu zilipoingia mikononi mwa kila mtu. Nikaenda kupiga pasi kwenye duka la dobi. Spika akaanza kupoteza macho, mtoto wa jicho huku na huku, akahamia kwangu. Anakaa chumba cha mbele. Asubuhi na jioni namtilia dawa ya matone.

Darasa la jioni nilijiunga kwa sababu nilitaka kusoma Maandiko kwa kinywa changu. Tunasomea shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto. Magoti yanagonga meza. Mwalimu ni binti mdogo, anaweza kuwa mjukuu wangu, lakini namwamkia kwa heshima zote.

Akatupatia zoezi. Kila siku mistari mitatu kuhusu kitu unachokipenda.

Wenzangu waliandika kuhusu watoto wao. Mimi nikaandika kuhusu filamu.

“Mama, hizi ziweke mtandaoni,” mwalimu akasema. “Kuna kundi la wapenzi wa filamu za zamani.”

“Mwalimu, watanicheka.”

“Watacheka. Lakini watasoma.”

Nikaziweka. Nanakili hapa chache, kama zilivyokuwa.

Filamu ya mlinzi wa stesheni. Anangoja treni ya mchumba wake miaka saba, na treni inafika. Nzuri, ila mlinzi anavuta sigara kupita kiasi.

Filamu ya hakimu na mdogo wake mwizi. Hakimu anaona kovu la utotoni, anamwachia. Naipa tisa juu ya kumi, moja nimemnyima hakimu kwa kuchelewa kuliona.

Filamu ya bibi wa duka la kofia. Hakuna kinachotokea. Naipenda kuliko nyingi zenye kutokea mambo.

Watu wakapenda. Wakaniita Mama Mistari Mitatu. “Mama, wewe ni moto!” “Mama, leo umechelewa kutupa dozi.” Nilimshukuru Mungu na kuendelea kupiga pasi.

Kisha nikaandika ya taa.

Filamu ya taa. Mama anamtafuta mwanawe kando ya mto, na alfajiri anampata amelala kwenye majani. Hii sikuipa alama, niliipigia magoti.

Ndipo yakaja yale maneno matano. Aliyeandika anajiita Mzee wa Mikanda. Nikamuuliza ana hakika gani.

“Nimeiona mara nne, dada. Mama anapata kiatu tu. Filamu inaishia kwenye kiatu.”

Mwingine akadakia hapohapo. “Na mlinzi wa stesheni anakanyagwa na treni, mama. Wewe filamu zako unazitazamia wapi, mbinguni?”

Wakacheka. Nyuso nyingi za njano zenye machozi ya kicheko.

Mimi sikuhisi kitu. Nililipaki lile shati bovu kwenye mfuko, nikaandika jina la mteja, nikamwambia bosi nimeliunguza, akate kwenye mshahara. Akanitazama.

“Mama, unaumwa?”

“Hapana.”

Na kweli nilikuwa siumwi popote.

Nilipofika nyumbani Spika alikuwa amekaa kitandani anasikiliza redio. Sikuvua hata viatu.

“Kaka. Ile filamu ya taa. Mtoto alipatikana?”

“Mtoto gani?”

“Wa mtoni. Ambaye mama yake alibeba taa.”

Akacheka mpaka akakohoa. “Ah, mdogo wangu! Bado uko huko? Hakupatikana bwana. Mto ulimchukua mapema sana. Kilichopatikana ni kiatu.”

“Ulisema alikuwa amelala kwenye majani.”

“Nifanyeje sasa? Niwaache watu watoke na kamasi? Mteja akitoka analia, kesho harudi.”

“Lakini walikuwa wanaona. Kiatu walikiona.”

“Waliona! Nikawaambia, hicho kiatu ni cha mtoto mwingine, msibabaike. Wakapiga makofi. Wewe hukuwasikia wakitoka? ‘Mama Mlango, leo kaka yako kafufua!’”

Niliwasikia. Walisema hivyo kila wiki. Nilidhani ni utani wao wa kutokea mlangoni, kama vile mtu anavyosema leo jua kali.

“Na mlinzi wa stesheni?”

“Treni ilimlamba.”

“Na hakimu?”

“Alimnyonga mdogo wake. Kovu nililiweka mimi.” Alisema kwa fahari. “Lile kovu lilinitoka tu, ghafla. Watu walisimama.”

“Na bibi wa kofia?”

“Ile sikuigusa. Ningegusa nini? Hakuna kinachotokea mle.”

Nikaenda jikoni nikabandika chai. Nikaona kumbe nimemwombea maiti miaka kumi na tisa. Hata hilo halikuniuma. Nilisema tu, Mungu, nisamehe, nilikuletea habari za uongo.

Siku mbili zikapita hivyo. Naamka, nasali, ila ile sala moja nairuka. Napiga pasi. Nakwenda darasani. Spika namtilia matone.

Alhamisi, nikiwa kwenye kola ya shati, wazo likaja. Halikuja kwa kishindo. Lilikuja kama mtu anayepita na kuuliza saa.

Barua zile Spika alizisoma kwa sauti ileile.

Niliweka pasi wima. Safari hii sikuunguza kitu.

Mtaniuliza, mbona hukuzisoma mwenyewe, miaka miwili sasa unajua kusoma? Ndugu zangu, nilizijua kwa kichwa. Mtu hafungui kitabu kutafuta jina lake. Tena darasani tumesoma herufi za chapa, na mwanangu aliandika mwandiko wa kuunganisha, herufi zinashikana kama vigae vyake. Na labda niliogopa. Sijui. Sina hakika na nilichohisi siku hizi zote.

Jioni hiyo nilitoa barua kwenye sanduku, nikakaa kwenye kiti cha jikoni. Nilianza na ya kwanza. Polepole, kidole chini ya kila neno.

Ya kwanza ilikuwa kama alivyosoma. Neno kwa neno.

Ya pili vilevile.

Ya tatu vilevile. Hata ule utani wa bosi wake kupanda ngazi kwa kuogopa ulikuwemo. Nikaanza kumwomba Spika msamaha moyoni. Nikasema, ona shetani alivyotaka kuniharibia ndugu.

Nikafungua ya nne.

“Mama, nimepata chumba chenye dirisha. Vigae nimeweka mwenyewe. Nimekununulia kitanda. Njoo tukae wote, kazi ya mlangoni inakuchosha na mjomba hawezi kuiona kwa sababu yuko ndani. Kila Jumamosi mwezi huu nitakuwa stendi ya mabasi kuanzia asubuhi. Usipokuja nitajua umeamua kukaa na mjomba, sitakusumbua tena.”

Niliisoma mara mbili, kama kawaida yangu. Kisha mara ya tatu, nikitafuta mahali palipoandikwa ‘usihangaike kuja’.

Hapakuwepo.

Sasa sikilizeni jambo lililonikalisha pale mpaka chai ikapoa. Jibu la barua ile nililisema mimi. Nalikumbuka. Nilimwambia Spika, “Mwandikie nimesikia. Asihangaike na mimi. Mimi niko sawa hapa mlangoni.”

Spika hakuhitaji kubadilisha hata neno moja.

Nikaenda chumba cha mbele na karatasi mkononi.

“Kaka, hii ni barua ya nne.”

Hakucheka. Alizima redio kwa kupapasa.

“Umeisoma?”

“Nimeisoma.”

“Mwandiko wake mbaya yule.”

“Nimeisoma, Kaka.”

Macho yake yana ukungu sasa, hujui anatazama nini.

“Ungekwenda,” akasema.

“Ndiyo, ningekwenda.”

“Basi. Ndiyo hivyo.” Akajikuna goti. “Siku ile ulipougua nilimweka yule muuza mafuta mlangoni. Unakumbuka? Aliingiza ukoo mzima bure. Nilidhani ni mwezi mmoja tu, mdogo wangu. Nilidhani kijana akikuona huji, atapanda basi aje mwenyewe, tutacheka, yataisha.”

“Nilikuambia uandike tena. Mara mbili.”

“Uliniambia.”

“Ulituma?”

“Moja kati ya hizo niliandika.”

“Nimeuliza kama ulituma.”

Alipapasa kitufe cha redio, hakuiwasha. Nje mtu alikuwa anaburuta kiti cha plastiki juu ya saruji.

“Na filamu ya taa?” nikauliza. “Ile nayo ulikuwa unawafurahisha wateja?”

“Ulikuwa mlangoni unasikiliza,” akasema. “Nilijua. Tiketi zilikuwa hazichaniki, nasikia kimya upande wako. Nikashindwa kusema kiatu.”

Sikumpigia kelele. Ningependa kuwaambia nililia, au nilimtupia kitu. Nilichukua chupa ya dawa, nikamwambia inua kichwa, nikamtilia matone mawili kila jicho, kwa sababu saa yake ilikuwa imefika.

Usiku huo nilimwomba Mungu anipe hasira. Hakunipa. Nikalala.

Kwenye barua ile kulikuwa na jina la duka la vigae alikokuwa akipokelea barua. Kesho yake, wakati wa mapumziko, nililitafuta kwenye simu, herufi moja moja. Bado lipo. Nikapiga. Akapokea mama mmoja mwenye haraka. Nikamtajia jina la mwanangu.

“Fundi huyo namjua sana, anachukua mzigo hapa kila wiki. Wewe nani yake?”

“Mama yake.”

“Alituambia hana.”

“Anaye.”

“Haya, mama. Nakutumia namba yake.”

Ningeweza kupiga. Lakini sauti sikuiamini tena. Nikaandika ujumbe, na sikumwonyesha mwalimu auangalie makosa.

“Mwanangu. Barua ya nne sikuisoma, nilisomewa, na sivyo ulivyoandika. Jana nimeisoma mwenyewe. Kitanda bado kipo?”

Siku ya kwanza hakujibu. Ya pili hakujibu. Niliacha kuhesabu, ila nilijua ni ya tisa alipojibu, kwa sababu ilikuwa Jumapili na nilikuwa nimetoka ibadani.

Spika alisikia simu ikilia. Akajua, kwa namna nilivyosimama.

“Ni yeye?”

“Ni yeye.”

“Nisomee.”

Nikakaa kwenye kitanda chake, karibu na miguu. Nikausoma kwanza kimya, mara mbili. Kisha nikaanza kwa sauti.

“‘Mama. Kitanda kipo, analala binti yangu mkubwa, ana miaka kumi na minne.’”

“Alhamdulillahi, Mungu mkubwa,” Spika akasema. Huwa anashukuru kwa kila dini akifurahi. “Endelea.”

“‘Niliwahi kuja mwaka ule. Nilisimama ng’ambo ya barabara. Ulikuwa mlangoni unachana tiketi, unacheka na watu. Nikaona huna shida, nikarudi zangu.’”

Nikaendelea kusoma.

“‘Jumamosi nitakuwa stendi kuanzia asubuhi. Njoo.’”

Pale nikasita.

Kulikuwa na mstari mmoja umebaki. Spika alikuwa amenyoosha shingo, amefumba macho, kama vile watu walivyomsikiliza yeye zamani. Mzee wa miaka sabini kasoro, amevaa soksi nilizomfulia mimi. Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kusema, na mjomba unisalimie sana. Ilikuwa tayari mdomoni, na ilikuwa tamu.

Nikaomba. Sala fupi kuliko zote nilizowahi kusali, neno moja tu: Nishike.

“‘Mjomba asije. Simtaki nyumbani kwangu, wala asinisalimie.’”

Akapapasa blanketi mpaka akapata mkono wangu.

“Hapo,” akasema, “mimi ningebadilisha.”

“Najua, Kaka.”

“Ningesema ananisalimia.”

“Najua.”

“Lakini hukubadilisha.”

“Hapana.”

Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akageukia ukutani, na nikaona mabega yake yanatetemeka. Mimi niliendelea kukaa. Nilimwacha alie, ni haki yake. Kwa miaka yote ile alikuwa amewanyima watu wengine haki hiyo.

Jumamosi nilipanda basi la kwanza. Mwanangu ana mvi. Alisimama pale na binti yake, mikono ina saruji kwenye kucha, na hatukujua tukumbatiane vipi, tukapeana mkono kama watu wa ofisini. Chumbani nilipolala, vigae vimenyooka vyote isipokuwa kimoja karibu na mlango. Nilikaa nikikitazama kile kimoja asubuhi nzima. Machozi yalikuja siku ya pili, nikiwa nasuka nywele za mjukuu wangu, bila sababu yoyote. Akaniambia, “Bibi, unanilowesha.”

Nimerudi. Nimemwachia jirani namba yangu, maana mwezi ujao nahamia kule kabisa, na Spika atahitaji mtu wa matone. Bado sijamsamehe. Namwombea kila siku na kila siku nasema ukweli mbele za Mungu kwamba bado. Naamini itafika. Haijafika.

Mtu wa kundi la filamu ameniuliza kama nitaendelea na mistari mitatu. Nimemwambia ndiyo, lakini sasa nitazitazama kwanza.

Ninachotaka kuwaachia ni hiki. Wengi wenu mna mama, baba au shangazi asiyejua kusoma, au ambaye macho yamechoka. Anakupa simu yake anasema, mwanangu, nisomee. Unaona neno kali, unaliruka. Unaona habari mbaya, unailainisha. Unajiambia ni huruma. Huenda ni huruma kweli. Kaka yangu naye alikuwa na huruma, na ndani ya huruma hiyo alikuwa amejiwekea mtu wa kukaa mlangoni.

Msomee kama ilivyoandikwa. Kisha kaa naye.

Na wewe unayesomewa, hata kama una miaka sitini, madawati ya watoto yanabeba. Yamenibeba mimi.